Chupa ya Usiku

Mwaka 2011, masika yakiwa yamekolea, nilikuwa Tanga nikisomea utabibu wa meno. Mara mbili kwa wiki tulipelekwa kwenye kliniki ya mama na mtoto upande wa Makorora, na kazi yangu ilikuwa kuzungumza na kina mama wakisubiri zamu ya mizani. Nilibeba taya la plasta na mswaki mrefu kama mkono wangu. Kanga zinachuruzika maji mlangoni, watoto wananing'inia kwenye mizani wakilia, nami napaza sauti juu ya vilio vyao.

Siku hiyo mama mmoja aliulizia meno ya plastiki, yale ambayo watu husema humletea mtoto homa na kuhara mpaka yang'olewe. Nilimjibu kwa kirefu, maana nimeshaona madhara yake. Yale mabaka meupe kwenye ufizi wa mtoto anayeharisha ni chonge zake mwenyewe, bado hazijatoka. Anayezichokoa kwa spoku ya baiskeli anamwachia mtoto kidonda, na pengine pengo la maisha. Mtoto mwenye homa na kuhara apelekwe hospitali. Wengine waliinamisha vichwa, na nilielewa kwa nini.

Nyuma kabisa alikaa bibi mmoja na mjukuu wake wa mwaka na nusu. Nilimwomba nimtazame mtoto. Tulikaa magoti kwa magoti, kichwa cha mtoto mapajani kwangu, miguu kwa bibi yake, nikamwinua mdomo wa juu kwa kidole. Meno manne ya mbele yalikuwa ya kahawia, mawili yamemeguka karibu na ufizi. Ya chini meupe pee.

Ukishaona hali hiyo mara moja huisahau. Mtoto anaponyonya chupa, ulimi huyafunika meno ya chini, huku ya juu yakiloweshwa na kilichomo chupani. Akilala, mate hupungua, na sukari hubaki palepale mpaka asubuhi.

"Bibi, analala na chupa?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Ina nini?"

"Chai ya maziwa. Siku nyingine namkamulia machungwa ya Muheza, natia na sukari kidogo."

Nikasema, na watu wote wakasikia: "Basi meno haya umeyaozesha wewe."

Ukumbi ulinyamaza. Bibi alimfunika mtoto kwa kanga, akasema, "Haya mwanangu, tumesikia," akaondoka kabla mjukuu hajapimwa uzito. Miaka imepita na bado nauona mgongo wake ukitoka mlangoni kwenye mvua. Nilikuwa nimesoma kila kitu kuhusu meno ya yule mtoto, na sikuwa nimeuliza hata swali moja kuhusu usiku wake.

Nesi wa zamu alikuwa akiifahamu nyumba yao. Jioni alinipeleka.

Ilikuwa nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati, kuta hazikufika darini. Mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha mwisho humpa pole. Mama yake mtoto alikuwa akitoka kabla ya alfajiri kwenda soko la samaki la Deep Sea kununua samaki wa kukaanga, mtoto akabaki na bibi. Akilia saa nane za usiku, wapangaji wote huamka, na mwenye nyumba alishaonya mara mbili. Chupa ile ndiyo iliyowaweka pale.

"Shikamoo bibi. Nimekuja kukuomba radhi."

"Marahaba. Yamepita, mwanangu. Keti."

Alinionyesha anavyoandaa chai: kikombe kimoja, vijiko vitatu vya sukari. Alinionyesha pia anavyomtafunia mtoto mkate kabla ya kumlisha. Magego yake mwenyewe yalikuwa yametoboka.

"Kumbe kweli kuna wadudu wa meno?" aliuliza, nilipomweleza kwamba mate yake yanamwambukiza mtoto.

Nikamwambia wapo, ila hawaonekani kwa macho. Wanakula sukari ileile anayokula mtoto, wanatoa asidi, na asidi inalainisha jino. Dalili ya mwanzo ni mstari mweupe kama chokaa pembeni ya ufizi, na ukiwahi hapo jino linaweza kupona. Tukamlaza mtoto tena, safari hii bibi ndiye aliyeinua mdomo. Tukayatazama magego yaliyokuwa yamechomoza karibuni. Moja lilikuwa na mstari huo. Bibi aliusogelea na koroboi, akautazama muda mrefu.

"Hili bado letu," alisema.

Nilitaka chupa ya usiku ikome leo hii. Akatikisa kichwa. "Mtoto haachishwi ziwa kwa usiku mmoja. Tutapunguza sukari, nusu kijiko kila baada ya siku mbili, kisha tutaongeza maji mpaka yabaki maji matupu." Sikuwa na la kuongeza, maana alijua kulea kuliko mimi. Mimi nilileta la mswaki: asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Nikachukua punje moja ya mchele kwenye ungo wake, nikaiweka juu ya mswaki mdogo: kiasi hicho, kisizidi, mpaka afikishe miaka mitatu. Mkate akaahidi kuuvunja kwa vidole na kuulainisha kwa maziwa.

Mawili kati ya meno yale ya mbele yaling'olewa baadaye, hayakuwa na namna. Gego lile halikutoboka muda wote niliokuwa Tanga.

Niliporudi baada ya kama wiki tatu nilikuta mswaki umefungwa kwa uzi kwenye nondo za dirisha, na bibi akanisimulia usiku wa kwanza wa maji matupu. Mtoto alionja, akaitupa chupa, akalia mpaka jirani akagonga ukuta. Bibi akampigia kelele kupitia juu ya ukuta:

"Nivumilie mwenzangu, tunaokoa meno!"

Jirani akanyamaza. Kisha, alisema bibi, akamsikia kule upande wa pili akianza kumwimbia mtoto.