Amplifaya ya klasi A, mwaka wa sita: mngurumo, kapasita na kitambaa cha mama

Kwa waliokosa mwanzo, hii ni ile amplifaya niliyoijenga 2019 hapa Mbeya, sakiti ya mhandisi Mwingereza John Linsley Hood ya mwaka 1969, transista nne tu kila upande, wati kama 10. Sauti tamu ila ndo klasi A hiyo, inakula umeme hata ikiwa kimya, volti 27 kwa ampia 1.2, piga hesabu ni wati 32 na ushee kila upande na karibu zote zinageuka joto, uwe unapiga muziki au umesahau kuizima. Mwezi wa sita huku kwetu hiyo sio kasoro kabisa, watu wanasogeza viti.

Jumamosi. Wiki ya pili sasa spika ya kushoto inanguruma chini chini, nikaanza kulaumu umeme maana ndo kawaida yetu, nikapima ukutani 228, haina neno. Nikabadili waya, nikahamisha spika, ngoma ileile. Kufungua boksi, kapasita kubwa ya pawa sapulai ya kushoto (ile inayohifadhi umeme na kuulainisha) kichwa kimevimba kama andazi, na ndio iliyokaa ubavuni kabisa mwa hitisinki, lile bati nene la kupoza transista. Ya kulia, iliyo mbali na joto, nzima. Klasi A inavuta karenti nyingi muda wote, kwa hiyo kapasita ikichoka kidogo tu unaisikia.

Za mwanzo nilinunua soko la Mwanjelwa bila kusoma maandishi, zimeandikwa nyuzi 85, saa 2,000, yaani kwenye joto hilo zinadumu saa hizo. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila ukishusha nyuzi 10 umri unakuwa mara mbili. Nilipima ubavu wake ikiwa inafanya kazi nikapata 65, yaani saa 8,000, na mimi nasikiliza saa nne kwa siku, hiyo ni miaka mitano na nusu. Imekufa kwa ratiba bwana! Ya nyuzi 105 yenye saa zilezile 2,000 pale pale ilipo ingefika saa 32,000. Nimeagiza Kariakoo, zikaja na basi.

Ila mbona 65 wakati nilipoijenga haikuzidi 50? Hapo nikakumbuka kile kitambaa cha kufuma. Mama alikitandika juu ya boksi, na matundu yote ya hewa kimeyaziba vizuri. Nikamwambia mama hiki kinaipika redio, akanijibu, "Na vumbi je, mwanangu, utalifuta wewe?" Tumekubaliana kitambaa kikae kwenye spika. Tena Mbeya tuko kama mita 1,700 juu, hewa nyepesi, haibebi joto sana kama ya Dar, matundu ukiyaziba hapa umejimaliza.

Jumapili. Nilivyoanza kufungua nikaona nimalize yote. Pesti nyeupe chini ya transista imekuwa unga wa chaki, nimefuta kwa spiriti nikapaka mpya, nyembamba, ukipaka nene kama blubendi unazuia joto badala ya kulipitisha. Maika, vile vipande vyembamba vya kuzuia umeme chini ya transista, hazijachanika ila nilipima kila transista na bodi kwa multimita kabla ya kuwasha, na kuwasha kwenyewe nilipitishia umeme kwenye balbu ya zamani ya wati 100, ikiwaka kwa nguvu zote bila kufifia ujue kuna shoti. Haikuwaka hivyo, ilimulika kidogo ikafifia.

Kisha saa nzima ya kusubiri, maana karenti inahama kadri inavyopata joto, ukirekebisha ikiwa baridi unajidanganya. Kushoto nikaweka ampia 1.2 na katikati ya sakiti volti 13.5, nusu ya sapulai. Kulia kumenigomea, trima (kile kidude cha kuzungusha kurekebisha karenti) ukiigusa karenti inaruka kutoka 1.1 mpaka 1.5 halafu inarudi, njia yake ya ndani imelika. Nimeiacha 1.1 kwanza, sitaki kuichokonoa nikaunguza transista kwa trima ya bei ya bigijii.

Leo jioni hitisinki 54, kidole kinavumilia. Mngurumo hamna. Trima mpya mbili ziko njiani, na paka wa nyumbani ameshahamia pale kilipotoka kitambaa, nitatafuta wavu.