Kumbukumbu ya mradi: makabati ya mahogani jikoni, Loresho, Nairobi

Machi: vipimo na mchoro

Chumba kina urefu wa mita 4.2 na upana wa mita 3.1. Kuta ni za mawe ya kukatwa kwa mashine, zimepigwa plasta, na sakafu ni ya taili. Makabati ya chini yatapita pande mbili na kukutana kwenye kona, ya juu yatakaa upande mmoja tu, na kabati refu la vyakula litasimama karibu na mlango. Milango, nyuso za droo na kila kingo inayoonekana ni mahogani yenyewe, si vinia (gamba jembamba la mbao linalobandikwa juu). Maboksi ya ndani ni plaiwudi ya 18 mm.

Kabla ya kuchora, mpira wa maji wa kupimia usawa ulizungushwa chumba kizima na mstari wa penseli ukapigwa ukutani, mita moja juu ya sakafu. Ukipima kutoka kwenye mstari huo kushuka chini, sakafu inaonyesha tofauti ya 14 mm kati ya dirishani na mlangoni. Timazi nayo ikaonyesha ukuta wa dirisha umelala 11 mm kutoka juu hadi chini. Kwa nyumba za Nairobi hilo ni jambo la kawaida, hata zile za bei kubwa, kwa hiyo mchoro usidhani kona ina digrii 90. Vimo vyote vimehesabiwa kutoka pale sakafu ilipoinuka zaidi, na kila kabati linalogusa ukuta limeachiwa ubao wa kujazia wa 40 mm, utakaochongwa kufuata mkunjo wa ukuta siku ya kufunga.

Slabu ya zege iliyokuwa imebeba kaunta ya zamani imevunjwa pamoja na vinguzo vyake. Ukiiacha, makabati yanageuka kuwa milango iliyobandikwa kwenye mashimo, na hakuna shimo la zege lenye vipimo sawa juu na chini. Droo za kisasa hazivumilii hata tofauti ya 2 mm.

Kimo cha kaunta kilijadiliwa kuliko kitu kingine. Vitabu vingi vya michoro vinataka 900 mm kila mahali. Lakini anayesonga ugali wa watu wanane anahitaji kuinama kidogo juu ya sufuria na kusukuma mwiko kwa bega. Jiko likiwa juu, kazi yote inaangukia kifundo cha mkono. Kwa hiyo kaunta ya sinki na ya kukatia ni 890 mm (miguu 130, boksi 740, granaiti 20), na sehemu ya jiko la gesi imeshushwa hadi 820 mm kwa kutumia boksi la 670. Miguu ni ile ile, hivyo mstari wa chini wa milango haukatiki. Vyuma vya jiko vikiongeza kama 50 mm, kitako cha sufuria kinakaa 870 mm kutoka sakafuni. Kofia ya kuvuta moshi iko 700 mm juu ya jiko. Mtungi wa kilo 13 uko nje, ndani ya kizimba chenye matundu chini, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja kabatini inatulia chini na kungoja cheche.

Machi mwishoni: kuchagua mbao

Mahogani nyingi inayouzwa soko la Gikomba siku hizi inatoka Kongo. Inauzwa kwa futi, kwa upana: 12 kwa 1, 10 kwa 1, 8 kwa 1. Kwa milango ya 22 mm, ubao wa inchi moja uliokatwa kwa uchoyo haufai, maana ukishanyooshwa pande mbili unabaki 19 au 20. Mbao zilichaguliwa za inchi moja na robo.

Nenda na kipimo cha unyevu chenye sindano, na usipime kwenye ncha ya ubao. Ncha hukauka kwanza na kukudanganya. Pima katikati ya urefu, na ukiruhusiwa, kata kipande cha futi moja kutoka mwisho na upime uso mpya. Mbao zilizoambiwa "kavu kabisa" zilisoma asilimia 19 na 21. Samani ya ndani ya nyumba Nairobi inatulia takriban kati ya asilimia 10 na 13, ikishuka Januari na Februari na kupanda wakati wa masika. Mlango uliotengenezwa kwa mbao ya asilimia 20 utapinda, utapasuka kwenye viungo, au utafanya yote mawili kabla ya mwaka kwisha. Mbao zikapelekwa kwenye tanuri la kukaushia, zikarudi asilimia 11, kisha zikapangwa karakanani kwa vijiti vya inchi moja kila futi moja na nusu, zitulie kabla ya kuguswa na msumeno.

Sehemu nyeupe ya ubavuni, ile iliyokuwa karibu na ganda, imekatwa yote na kutupwa. Ina wanga, na bungua, mdudu anayetoboa mbao, huifuata. Vanishi haitamzuia aliyekwisha kutaga ndani. Miezi baadaye unaona vumbi laini chini ya mlango na tundu dogo kama la sindano.

Mvule ulifikiriwa. Unastahimili maji vizuri, lakini ndani yake mara nyingi kuna vijiwe vya chokaa vinavyovunja meno ya msumeno, na vumbi lake huwasha ngozi na pua. Umetumika mahali pamoja tu: mbao za kubebea nyuma ya sinki. Maboksi ya droo ni Meru oak ya 15 mm, mti wa nyumbani, usio na harufu. Saipresi ni nafuu zaidi, ila harufu yake huingia kwenye unga.

Aprili: maboksi

Shiti ya plaiwudi ya 2440 kwa 1220 inatoa vipande viwili vya 560 mm kwa upana, na baki la kama 94 mm baada ya msumeno kula njia yake. Baki hilo ndilo reli za juu za kushikia granaiti. Kwa urefu unapata pande tatu za 740. Yaani shiti moja, pande sita, makabati matatu. Panga hivyo kwenye karatasi kwanza, kwa sababu fundi akianza kukata kwa macho utanunua shiti mbili zaidi bila sababu.

Kabati la sinki peke yake ni plaiwudi ya merini, na kingo zake zote, hata zile za nyuma zisizoonekana, zimepakwa rangi ya mafuta mara mbili. Kingo ndiyo inayokunywa maji. Uso hauna shida. Kingo za mbele za maboksi yote zimewekwa ukanda wa mahogani wa 6 mm kwa gundi, zikasawazishwa kwa randa ya mkono.

Maboksi hayagusi sakafu popote. Nyumba zetu hupigwa deki kwa ndoo na maji mengi, na hapo ndipo makabati mengi ya gharama hufia: ubao wa chini unavimba, unaachana, na harufu ya uvundo inaanza. Miguu ni ya plastiki, ya kurekebishwa kati ya 100 na 150 mm. Ubao wa kufunika miguu ni alumini yenye mpira chini, unaobanwa kwa klipu, ili uvutwe kwa mkono siku bomba likivuja.

Mei: milango

Hapa ndipo mbao inapodai heshima yake. Mahogani hutanuka na kusinyaa kwa upana, kama asilimia 0.15 hadi 0.2 kwa kila asilimia moja ya unyevu inayobadilika. Kwa urefu karibu haisogei. Ndiyo maana mlango haufanywi kwa ubao mmoja mpana. Unafanywa kwa fremu, na paneli inakaa ndani ya mfuo (mfereji uliochimbwa kwenye fremu) bila gundi, iwe huru kupumua.

Hesabu ya mlango wa kabati la 450 ni hii. Mlango ni 447 kwa 736. Miimo miwili, yaani mbao za kusimama za fremu, ina upana wa 65, kwa hiyo kati yao kuna 317. Ulimi unaoingia ndani ya mwimo kila upande ni 30, hivyo kipande cha kulala kinakatwa 377. Mfuo una kina cha 10 kila upande, na kutoka kitako cha mfuo hadi kitako kingine ni 337. Paneli inakatwa 331, ikiacha 3 mm kila upande. Unyevu ukipanda kwa asilimia 3, paneli itatanuka kama 2 mm, na nafasi ipo. Ukiikaza ijae mfuo, masika itaifungua fremu kwenye kona, na hakuna gundi itakayoizuia.

Paneli zilipakwa sila (tabaka la kuziba uso wa mbao) na tabaka la kwanza la rangi kabla ya kuunganishwa. Sababu utaiona Februari: paneli ikisinyaa, inatoa mstari mwembamba uliokuwa umefichwa ndani ya mfuo, na kama haukupakwa, mstari huo unabaki mweupe juu ya mlango mwekundu. Gundi iliwekwa kwenye ndimi tu. Isipokuwa tone moja katikati ya paneli, juu na chini, la kuizuia isihame upande mmoja.

Nyuzi za mahogani hii zimepishana. Tabaka moja linaelekea huku, lingine kule. Ukiupitisha mkono juu ya ubao, kiganja kinateleza inchi mbili kisha kinakwama, kisha kinateleza tena. Nyuzi hizo ndizo zinazoleta ile mistari inayometa ukigeuza mlango mbele ya dirisha, na ndizo zinazong'oka vipande kwenye mashine ya randa. Dawa ni visu vikali, kupunguza nusu milimita kwa kila pito, na kuacha milimita ya mwisho kwa kikwaruzo cha chuma na msasa. Kabla ya sila, futa uso kwa kitambaa chenye thina: mahali palipong'oka panaonekana papo hapo kama kovu, wakati bado panaweza kurekebishwa.

Nyuso za droo tatu za kabati la 900 zimetoka kwenye ubao mmoja na zimebaki katika mpangilio ule ule. Kabla ya kukata, pembetatu kubwa ilichorwa kwa chaki kupita zote tatu. Bila alama hiyo fundi wa pili hubadilisha mpangilio bila kujua.

Juni: bawaba na droo

Tundu la bawaba ni la kipenyo cha 35 mm na kina cha 13. Mlango ni wa 22, hivyo zinabaki 9 mm, na biti ya kutobolea lazima iwe na kizuizi. Katikati ya tundu ni 22.5 mm kutoka ukingo wa mlango. Bati la bawaba ndani ya boksi linafungwa 37 mm kutoka mbele. Mlango wa chini ya 900 mm unatosha bawaba mbili. Wa kabati la vyakula, wenye karibu mita mbili, una nne.

Reli za droo ni za kukaa chini ya boksi, za kampuni ya Blum, urefu wa 500, za kubeba kilo 50 kwa ajili ya sufuria na zile za kilo 30 kwa vijiko. Kabati la 900 lina nafasi ya ndani ya 864. Ondoa 42 ambazo reli hizi zinadai, unapata upana wa ndani wa droo, 822. Mbao za pembeni zisizidi 16 mm, na ubao wa chini uinuliwe 13 mm. Wengi hupima upana wa nje wa droo, wakatumia mbao za unene wowote, halafu wanalaumu reli. Kona za droo ni dovteli, viungo vinavyofumana kwa meno yenye umbo la mkia wa njiwa.

Julai: kupaka

Rangi ni poliyurethani ya makopo mawili, isiyong'aa. Laka ya kawaida ni rahisi kupuliza na hukauka haraka, lakini mvuke na mafuta ya kupikia huilainisha, hasa kuzunguka vishikio. Tena kukiwa na unyevu hewani inapauka: thina ikiruka inapoza uso, unyevu wa hewa unageuka maji juu yake, na unabaki na ukungu mweupe ndani ya rangi.

Julai Nairobi ni baridi na mawingu, na poliyurethani nayo hukauka polepole. Kupuliza kulifanywa kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri tu, vipande vikiwa vimelazwa. Mpangilio: msasa namba 120, 180, 240, kijazio cha vinyweleo, kwa sababu mahogani ina vinyweleo vilivyo wazi, sila mara mbili, msasa 320 katikati, kisha rangi mara mbili. Nyuma ya mlango ipate tabaka sawa na mbele. Ukipaka upande mmoja zaidi, upande mwingine unapokea unyevu haraka na mlango unajikunja. Kigumu cha rangi hii kina kemikali inayodhuru mapafu. Kinyago cha kitambaa hakitoshi, tumia chenye vichujio vya kemikali.

Agosti: kufunga

Makabati ya juu yalitangulia, ili ngazi isisimame juu ya granaiti. Fisha namba 8 (plagi za plastiki za kushikia skrubu) zilipigwa ndani ya jiwe lenyewe, si kwenye maungo ya simenti yanayobomoka. Makabati ya chini yakafuata, yakasawazishwa kwa miguu, yakaunganishwa kwa skrubu, na ndipo fundi wa granaiti akaitwa kuchukua vipimo. Kumwita mapema, kwa michoro, ni kununua kipande kisichoingia.

Granaiti inatokeza 30 mm mbele ya milango. Chini yake, 10 mm kutoka ukingoni, umekatwa mfereji mdogo ambapo maji ya kaunta yanadondokea badala ya kurudi nyuma na kutambaa juu ya mbao.

Kilichobaki ni marekebisho ya bawaba. Nafasi kati ya milango imewekwa 3 mm sasa, kukiwa na baridi. Vuli ikipita na ukame wa Januari kuingia, zitapimwa tena kwa kipande cha bati chenye unene huo huo, skrubu ya pembeni ikazwe kidogo kidogo, na mlango wa kabati refu uanze, kwa kuwa mzito ndio hushuka kwanza.