Usiku ule wa nyumba ya wageni

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Somo la juma hili ni Luka 10:30–35, habari ya Msamaria aliyemwokota mtu aliyejeruhiwa kwenye barabara ya Yeriko, akampeleka nyumba ya wageni. Tukilihubiri, huwa tunaishia pale Msamaria anapofunga majeraha, kisha tunarukia dinari mbili. Lakini Luka anasema dinari zilitolewa siku ya pili. Basi usiku mzima ulipita, na habari yake ni neno moja tu: akamtunza.

Twende Durban, Afrika Kusini, Januari 1900, vita vya Waingereza na Makaburu vimepamba moto. Bandarini imefika Maine, meli ya hospitali iliyowekewa vifaa kwa michango ya wanawake wa Kimarekani waliokuwa Uingereza. Mapatano ya The Hague ya 1899 yalitaka meli za namna hiyo zipakwe rangi nyeupe na ubavuni ziwe na mstari wa upana wa kama mita moja na nusu: kijani kwa za jeshi, nyekundu kwa za vyama vya misaada. Tena zihudumie majeruhi bila kuuliza taifa.

Risasi haikuwa adui mkubwa. Jeshi la Uingereza lilipoteza watu wapatao 22,000, na zaidi ya 13,000 waliuawa na maradhi, hasa homa ya matumbo. Kwenye mapigano ya Paardeberg, Februari 1900, askari walikunywa maji ya mto Modder yenye mizoga na uchafu wa kambi. Baada ya majuma machache hospitali za Bloemfontein zilifurika. Chanjo ilikuwepo, ya hiari, wengi waliikataa.

Dawa ya kuua vijidudu mwilini haikuwepo, ilibaki mikono ya muuguzi. Maziwa kidogo kidogo, usiku na mchana. Kumpangusa kwa maji baridi homa ikipanda. Kumsafisha kinywa, maana ulimi hukauka mpaka ukapasuka. Kumgeuza asipate vidonda vya mgongo. Choo chake kutiwa dawa kabla ya kumwagwa, la sivyo wa kitanda cha jirani ndiye anayefuata. Juma la tatu ndilo la hatari: vidonda vimekula utumbo, ukuta wake umebaki mwembamba. Na hapo ndipo homa inaposhuka, njaa ikamkamata mgonjwa, akalilia nyama. Wauguzi walimnyima, wakiogopa utumbo usitoboke. Kumnyima mtu mkate huku unampenda ni kazi nzito kuliko kumfunga kidonda.

Na tuseme ukweli wote: Waafrika wasiopungua 14,000 walikufa katika makambi ambamo Waingereza waliwafungia raia katika vita hiyohiyo, wala hakuna aliyewatumia meli nyeupe. Wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, 1916, huku kwetu, Kigoma na Tabora, nao waliachwa njiani na kuhara damu. Hao ndio yule mtu wa barabara ya Yeriko.

Sisi wa ziwani tunawapakia wagonjwa kwenye boti toka Kalya na Buhingu kuja mjini, saa nyingi majini. Mlazeni kiubavu, asipaliwe na matapishi, na turubai juu yake. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili. Akiharisha, mpeni ORS ya pakiti, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji safi. Isipopatikana, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi inamdhuru. Akitapika, subirini dakika kumi, kisha endeleeni kijiko kwa kijiko. Bebeni ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya choo, msimwage ziwani: kijiji kinachofuata kinachota hapo hapo, na huo ndio mto Modder.

Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Msamaria alilipa mbili, akaahidi kuongeza, kwa sababu alijua mwenye nyumba naye atakesha. Atakayepokea zamu wodini alfajiri aje na uji wa watu wawili, wa mgonjwa na wa aliyekesha naye.