Kuvua kwa miguu Kigamboni: begi linavyojaa, bamvua hadi bamvua

Bamvua la mwezi mchanga

Mradi wenyewe ni huu: kuvua baharini kwa miguu, bila ngalawa wala boti, kwa rodi moja, kwenye mwamba wa Kigamboni kuanzia Mjimwema kushuka kusini. Bajeti ni ya mtu wa mshahara. Sharti nililojiwekea ni kwamba kila kifaa kiingie begini kwa sababu ya kitu nilichokiona majini, si kwa sababu kimetajwa kwenye orodha ya mtu.

Orodha hizo zipo tele intaneti, na nyingi zimeandikwa na Wamarekani wanaovua Texas, kule Laguna Madre, ambako chini ni mchanga na majani na maji karibu hayapandi wala hayashuki. Huku kwetu chini ni mawe ya matumbawe, mashimo na makali, na bamvua, yaani siku maji yanapopanda na kushuka sana, linaweza kubadilisha kina kwa zaidi ya mita 3 ndani ya saa sita. Rodi inaweza kuwa ileile. Vingine vyote lazima mtu afikirie upya, na mimi nimeanzia miguuni.

Ndala hazifai hata kujadiliwa. Yeboyebo zina matundu, mchanga unaingia na miiba nayo inaingia. Raba za turubai ni nyepesi na zinakauka haraka, ila soli yake inakunjika ukiibana kwa vidole viwili, na kitu kinachokunjika hivyo hakizuii mwiba. Adui wa kwanza kwenye mwamba ni wale wadudu weusi wa miiba mirefu wanaokaa kwenye nyufa. Mwiba wao ukiingia unakatikia ndani ya nyama. Wa pili ni mbaya zaidi: yule samaki anayefanana na jiwe lenye kutu, anayelala bila kutikisika, mwenye miiba ya sumu mgongoni. Huyo humwoni. Njia pekee ya kupambana naye ni soli.

Nimeishia soko la Karume, kwenye mafungu ya mtumba, nikapata buti za kupandia milima zilizochakaa kwa juu lakini soli ngumu, zinazofunika kifundo cha mguu. Shilingi 25,000 baada ya kubishana. Nimezitoboa pembeni kwa msumari wa moto ili maji yatoke, maana buti ikijaa maji inakuwa jiwe mguuni. Ndani, soksi nene, kwa sababu mchanga ukisuguana na ngozi iliyolowa unachubua kabla hujarusha hata mara kumi. Suruali ndefu nyepesi, mdomo wake umefungwa juu ya buti kwa kamba. Zile suruali kubwa za mpira za kwenye video nimeziruka moja kwa moja. Bahari ya Dar ni nyuzi 25 hivi hata mwezi wa Agosti, sasa najikinga baridi ipi?

Kule mwambani nilikutana na kina mama wachokoa pweza, kila mmoja na nondo yake. Nikamwamkia aliyekuwa karibu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Unakwenda vitani?”

“Nakwenda kuvua.”

“Haya. Ukifika kwenye majani, usinyanyue miguu. Buruta.”

Sababu ni samaki taa. Analala chini amejifukia mchanga, na ukimkanyaga mgongoni mkia unarudi na mwiba wake. Ukiburuta mguu, unamgusa ubavuni na yeye anaondoka zake. Kwa hiyo kifaa cha pili kikatoka kwa yule mama: fimbo. Yake ni ya kazi, yangu ni mpini wa jembe niliouchonga ncha, wa kupapasia mbele kabla ya kukanyaga na wa kuegemea mawimbi yanapopita kiunoni. Una tundu juu na kamba, ili nikirusha uelee pembeni yangu.

Maji mafu

Wiki ya maji mafu, yaani maji yanapopanda na kushuka kidogo, mwamba haufunuki vizuri, kwa hiyo ni wiki ya kazi za nyumbani. Nimekaa na jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari na penseli.

Kwa wasioishi pwani: bamvua huja na mwezi mchanga na mwezi mpevu, kwa kawaida siku moja au mbili baada yake, na katikati ndipo maji mafu. Maji hupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Pwani ya Dar na Unguja tuna bahati: siku za bamvua, kupwa kwa mchana huangukia kama saa nne au saa tano asubuhi. Mtu anaamka, anakunywa chai, anapanda pantoni pale Magogoni na bado anafika kabla maji hayajafika chini kabisa.

Hesabu niliyoiandika kwenye kadi na kuifunga kwa nailoni ni ile ya sehemu kumi na mbili. Chukua tofauti kati ya kupwa na kujaa, igawe kwa 12. Saa ya kwanza maji hupanda sehemu moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Kwa bamvua la mita 3.6, saa ya kwanza ni sentimita 30 tu, na mtu anadanganyika kwamba kuna muda. Saa ya tatu peke yake ni sentimita 90. Na tatizo la mwamba wetu ni kwamba ukingo wa nje uko juu kuliko mkondo ulio nyuma yako. Umesimama magotini, unavua kwa raha, huku njia ya kurudi imeshafika kifuani.

Kwa hiyo saa ya mkononi isiyoingia maji nimeiweka mbele ya rodi kwenye orodha. Kengele yake inalia saa iliyoandikwa kwenye jedwali, sio saa ninayodhani mimi.

Haya, rodi. Futi 8, ya kurusha uzito wa gramu 10 hadi 30. Fupi kuliko hapo inakunyima umbali, ndefu kuliko hapo inachosha bega ukiwa umesimama majini. Rili ya ukubwa wa 4000, kwa sababu inabeba nyuzi ya kutosha kama kolekole akiamua kukimbia. Nyuzi ya kusuka ya ratili 20, na mbele yake mita moja na nusu ya nailoni nene ya ratili 40, zimeunganishwa kwa fundo la uni mara mbili. Nailoni hiyo si ya mapambo: nyuzi ya kusuka ina nguvu ya kuvuta lakini ikigusa tumbawe mara moja tu imekwisha. Vipande vifupi vya waya nimeweka vichache, kwa ajili ya mzia na meno yake.

Ningeweza kutumia mshipi wa mkono na chubwi, kama wazee wa pale wanavyofanya tangu zamani, na kwa kweli wanashiba kuliko mimi. Ila mshipi unataka chambo na kina. Mimi nataka kutembea na kurusha, kwa hiyo nimechukua chambo bandia: vijiko vya chuma vya gramu 20, popa mbili (chambo cha kuelea kinachorusha maji kikivutwa) na pakiti ya visamaki vya plastiki laini.

Bamvua la mwezi mpevu

Siku ya majaribio. Miwani kwanza, maana ndiyo iliyonishangaza. Nilinunua Kariakoo ile inayoitwa ya polaroidi. Namna ya kuipima ni kuishika mbele ya skrini ya simu na kuizungusha taratibu. Skrini ikififia na kuwa nyeusi, ni yenyewe. Isipobadilika, umeuziwa kioo cheusi. Ukiivaa mwambani mng'ao wa jua unaondoka na chini inaonekana: shimo, jiwe, kivuli kinachotembea. Ndoano ikiruka kurudi usoni, macho nayo yamekingwa. Kofia, shati la mikono mirefu na kitambaa cha shingoni havina la kusimulia, vaa tu.

Plastiki laini hazikumaliza asubuhi. Bunju! Wana midomo kama mkasi, wanakata mkia wa chambo kipande kwa kipande na mtu husikii hata mguso. Mmoja nilimtoa, akajijaza upepo, nikamrudisha majini kwa koleo. Bunju haliwi, sumu yake inaua. Vijiko vya chuma vilifanya kazi: changu wawili wa kiasi, chewa mdogo niliyemwachia, na pigo moja zito lililonyoosha ndoano ya pembe tatu ikawa kama pini.

Pigo hilo lilikuja maji yalipoanza kujaa, na hapo ndipo penye mvutano wa uvuvi huu. Kolekole hupanda mwambani pamoja na maji yanayoingia, wakifuata vidagaa. Saa nzuri ya samaki ndiyo saa mbaya ya mvuvi. Jibu langu ni kutomngoja ukingoni. Kengele ikilia navuka mkondo, nasimama upande wa pwani na kurusha kuelekea nilikotoka, kisha narudi nyuma kadiri maji yanavyonifuata. Samaki ni walewale, na nyuma yangu kuna mchanga mtupu.

Samaki wanakaa kwenye dumu la lita 10 lililokatwa ubavuni, linaelea nyuma yangu kwa kamba ya mita mbili. Fundo la kiunoni ni la kuvuta likafunguka, ili dumu likinasa kwenye jiwe wimbi lisiondoke na mimi. Kuning'iniza samaki wenye damu kiunoni sikutaka, mikunga, wale samaki kama nyoka, wamejaa mashimoni.

Ndani ya dumu hilo kuna kifaa ambacho kila anayekiona anacheka: chupa ya chai. Haina chai. Ina maji ya moto. Mwiba wa taa, wa ngogo, wa tasi na wa yule wa jiwe zote zina sumu ambayo joto huivunja. Huduma ya kwanza ni kutumbukiza sehemu iliyochomwa kwenye maji ya moto yanayovumilika, yasiyozidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, huku safari ya hospitali ikipangwa. Unayapima kwa mkono mzima, sio kwa mguu wenye maumivu ambao hausikii tena tofauti. Maji ya chupa nachanganya na ya bahari ndani ya dumu mpaka joto lifae. Tasi ndiye wa kuogopwa zaidi kwa kuwa ni mdogo, mtamu, na kila mtu anamshika kwa mkono. Kwangu hashikwi bila koleo na kitambaa.

Kome zile nzuri zenye umbo la koni na madoadoa siokoti kabisa. Baadhi yake huchoma, na sumu yake imeshaua watu.

Maji mafu tena

Kazi ya chumvi. Rodi na rili zimeoshwa kwa maji baridi yanayotiririka polepole, breki ya rili ikiwa imekazwa ili maji yasiingie ndani, kisha imelegezwa. Tone la mafuta ya cherehani kwenye mkono wa rili na kwenye koleo. Buti zimekauka kivulini.

Nimepita pia kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi wa ufukweni, kujua mipaka. Bongoyo, Mbudya na maeneo mengine tengefu hakuvuliwi, hilo linajulikana. Nilichotaka kujua ni wapi kina mama hawapendi mtu arushe ndoano wakati wanachokoa. Wamenionyesha, sehemu yenyewe ni pana kuliko nilivyotarajia, na nimeiondoa kwenye ramani yangu.

Zile ndoano za pembe tatu nimezing'oa zote kwenye vijiko na kuweka ndoano moja moja nene. Hazikamati mawe sana, na kumtoa samaki ni rahisi ukiwa umesimama majini kwa mkono mmoja. Kama zitamhimili kolekole, jedwali linasema maji yatapwa Jumamosi saa nne na robo.