Namba ya Kifuani

Tangu Juni 2024 nina mazoea mapya. Nikipishana na askari mjini simtazami usoni, wala bunduki yake siiangalii. Macho yanaenda moja kwa moja kifuani, pale juu ya mfuko wa shati, kutafuta jina. Nisipoona jina natafuta namba. Siku za kawaida huwa naona kitu. Siku ya maandamano, yaani siku ile hasa ambayo ningetaka kujua aliye mbele yangu ni nani, mara nyingi kifua ni kitupu na uso umefunikwa hadi chini ya macho.

Labda ni kwa sababu ya kazi yangu. Mimi ni fundi wa kudarizi hapa Nairobi, ghorofani, kwenye jengo la maduka madogo madogo katikati ya mji. Kazi nyingi ni sweta za shule, aproni za hoteli na sare za kampuni za ulinzi, na kupunguza nguo za watu siku biashara ikiwa baridi. Wiki hii nina mzigo wa mashati ya walinzi: jina upande mmoja, namba ya kazi upande wa pili, uzi wa manjano juu ya kitambaa cha buluu. Msimamizi wao huja mwenyewe kukagua. Tarakimu moja ikikosewa, shati linarudi. Zamani alinieleza kwa nini: mtu akilalamika kwamba amesukumwa au ametukanwa langoni, kampuni lazima ijue ni mlinzi gani, siku hiyo hiyo. Na huyo ni mtu ambaye silaha yake ni rungu na kile kifaa cha kukagulia watu mlangoni.

Jana usiku nilikaa nikasoma tena kwenye simu Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, ya mwaka 2011. Nawaomba mnaonisoma hapa mlitafute. Si refu, na limeandikwa kwa lugha ambayo hata mtu asiye wakili anaielewa. Linasema afisa ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Akilazimika kutumia nguvu, iwe ya kiasi kinacholingana na kosa na ukaidi anaokabiliana nao. Akimjeruhi mtu, ahakikishe anapata matibabu mara moja, na jamaa zake wajulishwe. Akiua au akijeruhi vibaya, aripoti kwa mkubwa wake papo hapo, na taarifa ifike IPOA, ile mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi. Bunduki itumike pale tu njia nyepesi hazitoshi, na kabla ya kufyatua ajitambulishe na atoe onyo lililo wazi, ila kama kufanya hivyo kutahatarisha maisha. Kusema nilitii amri ya mkubwa si kinga. Halafu kuna sentensi moja ambayo wengi wanairuka: afisa aliyevaa sare atabandika wakati wote jina au namba yake ya kazi mahali panapoonekana vizuri.

Mimi naamini hiyo sentensi moja ndiyo inayozibeba zote nyingine. Ukiitoa, hakuna wa kuulizwa kama alitoa onyo. Hakuna wa kuulizwa kwa nini hakumpeleka majeruhi hospitali.

Nawakumbusha ilivyoanza. Juni 20, 2024, wakati vijana walipokuwa wakipinga Mswada wa Fedha uliotaka kuongeza kodi, kijana wa miaka 29 alipigwa risasi pajani hapa mjini, akavuja damu hadi akafa. Mashahidi walisema aliyefyatua alivaa nguo za kiraia. Uchunguzi wa kifo chake ulipelekwa mahakamani Milimani, na kazi kubwa pale imekuwa swali ambalo mlinzi wa supamaketi angelijibu kwa kuonyesha kifua chake: ulikuwa wewe? Siku tano baadaye, Juni 25, waandamanaji wakaingia Bungeni na polisi wakafyatua risasi za moto. Kesho yake Rais Ruto akakataa kutia saini mswada. Kufikia mwisho wa mwaka, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, KNCHR, ilikuwa imehesabu watu 60 waliokufa katika wimbi lile la maandamano.

Agosti mwaka huo huo Mahakama Kuu ikaagiza kwamba maafisa wanaotumwa kwenye maandamano wavae sare, watambulike, wasifiche nyuso zao. Nakumbuka nilivyofurahi. Nilidhani mambo yamekwisha. Ila Julai 7, 2025, siku ya Saba Saba, KNCHR iliripoti tena maafisa waliovaa vitambaa usoni, wasio na sare, wakizunguka mjini kwa magari yasiyo na alama. Hesabu ya waliokufa siku ile moja ilipita 30. Mmoja wao alikuwa mtoto wa kike wa miaka 12 aliyekuwa nyumbani kwao Kiambu. Risasi ilimfuata ndani.

Nimewaona watu hao kwa macho yangu. Katika moja ya siku hizo tulikuwa tumefunga duka, mabati tumeyashusha nusu ili hewa iingie, maana gesi ya vitoa machozi ilikuwa imepanda ngazi mpaka ghorofani na koo lilikuwa linawaka kama nimemeza pilipili. Chini barabarani alisimama mtu wa jinzi, viatu vya michezo vyeupe, kofia, kitambaa cheusi kuanzia puani hadi shingoni. Mkononi ana bastola. Nyuma yake kuna gari dogo, milango miwili wazi, namba za mbele zimetolewa. Nilibaki nikiziangalia zile tundu mbili za skurubu. Kijana wa duka la simu aliyekuwa karibu nami akauliza, "Mama, huyo ni karao au ni mwizi?" Sikuwa na jibu. Nimeishi mjini hapa karibu maisha yangu yote ya utu uzima, na sikuweza kumwambia mtoto wa mwenzangu kama aliyekuwa na bastola pale chini alikuwa serikali au jambazi.

Na hili la kutojua si la juzi. Baada ya uchaguzi wa 2007, Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata, ilihesabu vifo 1,133, na kati ya hivyo 405 vilitokana na risasi. Ni katika mapendekezo ya wakati ule tulikopata wazo la chombo huru cha kuwachunguza polisi. Kisha 2017, Kisumu, usiku wa msako baada ya uchaguzi, mtoto wa miezi sita alipigwa rungu kichwani nyumbani kwao na akafa. Mwaka 2019 hakimu aliyeendesha uchunguzi aliamua kwamba polisi walihusika, akaelekeza lawama hadi kwa makamanda waliokuwa zamu. Mwaka 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akaidhinisha maafisa 12 washtakiwe kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu katika ghasia za 2017. Ni hatua kubwa, sitaki kuidharau hata kidogo. Lakini tazama kilichotufikisha huko: mkono ulioshika rungu ndani ya nyumba ile haukujulikana ulikuwa wa nani. Makamanda lazima wajibu, naam. Hata hivyo mama yule alistahili pia kujua jina.

Sasa linganisha na Juni 17, 2025. Watu walikuwa barabarani kudai haki ya mwalimu mwanablogu aliyefia mikononi mwa polisi, kifo ambacho kwanza tuliambiwa alijigonga ukutani mwenyewe, mpaka wapasuaji wa maiti walipokanusha. Muuza barakoa alipigwa risasi kichwani kwa karibu kabisa, mchana kweupe, kamera zikiwa pale pale. Alifariki siku kadhaa baadaye. Lakini maafisa walikamatwa upesi, na mmoja akashtakiwa kwa mauaji. Video ilifanya kazi ambayo namba ya kifuani ingepaswa kuifanya kila siku, kwa kila mtu, hata yule anayepigwa kwenye kichochoro kisicho na kamera. Siku ile ile mji ulijaa wahuni waliopakiana kwenye pikipiki, na viboko na marungu, wakichapa watu huku polisi wakiwa hatua chache. Wao nao hatujui ni nani. Pale ambapo askari hana alama, mhuni wa kukodiwa anajipenyeza kirahisi.

Kuna kijana askari ambaye huniletea suruali zake nizipunguze kiunoni. Namheshimu, ni mtoto mwenye adabu. Nilimuuliza kuhusu jambo hili wakati nikimpima, na sikumuuliza kwa hasira.

"Mama, mimi si mbaya," akaniambia. "Lakini nikivaa jina langu siku ile, jioni picha yangu iko mtandaoni. Kesho wana namba ya simu ya mke wangu. Keshokutwa wanajua watoto wanasoma wapi. Mimi nafanya nini?"

Nilinyamaza kidogo, kwa sababu si uongo. Mwaka 2024 namba za simu za watu zilisambazwa kweli kweli, na matusi yakawafuata hata wasiohusika. Tena najua hali zao. Wanalala kwenye nyumba za bati zilizogawanywa kwa pazia, familia mbili chini ya paa moja. Wanasimama juani tangu alfajiri bila chakula huku wanarushiwa mawe. Juni 2024 afisa mmoja alipoteza viganja vyake vyote viwili, kitoa machozi kilipomlipukia mkononi. Mtu akiniambia askari si binadamu wa kuumia, siko pamoja naye.

"Basi vaa namba," nikamwambia. "Sheria haisemi lazima jina. Inasema jina au namba. Namba mtaani hakuna anayeijua ni ya nani. Mkubwa wako anaijua, IPOA inaijua, hakimu anaijua. Mke wako hatasumbuliwa."

Akacheka kidogo, akasema, "Namba, mama, wakubwa wenyewe hawazitaki." Sikumsukuma zaidi. Kibarua chake kiko hapo. Lakini maneno hayo nimeyabeba tangu siku ile, kwa sababu yananionyesha pa kuelekeza hasira. Kijana wa cheo cha chini hajitengenezei mwenyewe gari lisilo na namba. Kuna mtu amelitoa gari, amegawa bastola, na kwenye ghala la silaha kuna kitabu kinachotakiwa kuonyesha silaha gani ilichukuliwa na nani na ikarudi na risasi ngapi.

Najua nitakachoandikiwa: na waporaji je? Nijibu. Juni 25, 2025 maduka mengi mjini hapa yalivunjwa. Jirani yangu wa duka la simu alibakiwa na rafu tupu na vioo sakafuni, na mkopo bado analipa. Kikuyu waliteketeza mahakama, pamoja na mafaili ya watu. Aliyefanya hivyo ni mhalifu, akamatwe, apelekwe kortini, afungwe. Kwa kumkamata mwizi wa simu askari hahitaji kujifunika uso. Ushahidi wake kortini unamtaka aseme mimi ndimi niliyemkamata. Hapo ndipo ninaposhindwa kuwaelewa wanaosema polisi wakitambulika watashindwa kufanya kazi.

Na wenye mamlaka wangechunga ndimi zao. Kesho yake tu, Juni 26, 2025, Waziri wa Usalama, Kipchumba Murkomen, alisikika akisema anayekaribia kituo cha polisi apigwe risasi. Baadaye akasema alikuwa anaeleza sheria. Wiki mbili hazijaisha, Rais mwenyewe akasema wanaochoma biashara za watu wapigwe risasi ya mguu, wasiuawe, wapitie hospitali wakienda mahakamani. Nilisikia nikaweka sindano chini. Yule kijana wa Juni 20, 2024, wa kwanza kufa katika haya yote, alipigwa wapi? Mguuni. Kwenye paja kuna mshipa mkubwa wa damu, na ukikatika mtu hafiki hospitali yoyote asipozuiwa damu hapo hapo. Hakuna risasi ya adabu. Na Jedwali la Sita, nililisoma mara ya pili kuhakikisha, halina mahali popote panapompa afisa ruhusa ya kumwadhibu mtu kwa risasi kabla ya hakimu kumsikiliza.

Kifungu cha 37 cha Katiba kinatupa haki ya kuandamana kwa amani, bila silaha. Sitaomba ruhusa ya kuitumia, na binti yangu naye sitamzuia. Ninachoomba kwenu mliokuwa mtaani, 2024 au 2025, ni hiki. Kama una picha au video inayoonyesha afisa, gari, namba, hata nusu ya namba, usiifute. Usiitume kwa WhatsApp peke yake, maana inapunguzwa ubora na tarehe yake halisi inapotea. Weka ile ya asili mahali pawili, andika pembeni saa na barabara uliyokuwa, na upande gani wa barabara. Kisha ipeleke IPOA, au kwa mawakili wa LSK, chama cha mawakili nchini, wanaosimamia kesi hizi. Na kama unaogopa kwenda peke yako, niandikie hapa chini. Jumatano mchana huwa sina kazi nyingi, tutaenda pamoja.