Drafti ya fantasi: daftari la maandalizi, Julai na Agosti 2025

Jumapili, 27 Julai

Msimu huu kijiwe chetu cha Sinza kimeachana na FPL ya kawaida (Fantasy Premier League, mchezo wa kuunda timu yako ya wachezaji wa Ligi Kuu ya England na kupata pointi kwa wanayofanya uwanjani), ile ya bajeti ya milioni 100 ambayo ikifika Oktoba karibu kila mtu ana Salah na mnatofautiana kipa wa akiba. Tunacheza drafti. Mchezaji mmoja, mwenyewe mmoja. Ukishamchukua Salah, sisi wengine saba tutamwangalia kwenye tivii tu. Hakuna bei na hakuna nahodha wa kuzidisha pointi mara mbili.

Tuko wanane, kila mtu anabeba 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5, washambuliaji 3. Zamu zinakwenda halafu zinageuka, kwa hiyo wa kwanza kuchagua raundi ya kwanza anakuwa wa mwisho raundi ya pili. Wa nane anachagua mara mbili mfululizo, ya 8 na ya 9. Wa kwanza akishachukua chake anakaa kimya hadi ya 16.

Ubishi mkubwa ulikuwa muda. Mangi alitaka sekunde 90 kwa kila zamu. Nikampigia hesabu: wachezaji 120 mara sekunde 90 ni saa tatu kamili, na Baharia lazima avuke na pantoni kurudi Kigamboni. Tumekubaliana 60. Atakayeshika mkia mwezi Mei analipia mbuzi choma kwa wote, na hilo limeandikwa kwenye grupu ili mtu asije akajifanya hakuliona.

Jumatano, 30 Julai

Leo nimekaa na hesabu hadi usiku. Nimeacha kujiuliza nani mzuri. Ninachotafuta ni wapi wazuri wanaisha mapema.

Makipa: wanane mara wawili ni 16, na timu ni 20. Hata atakayechukua kipa raundi ya mwisho atapata anayecheza kila wiki. Mabeki: tunahitaji 40, na kila timu inaanza na watatu, wanne au watano. Wapo wa kutosha. Washambuliaji ndio balaa. Tunahitaji 24, na siku hizi timu nyingi zinasimamisha straika mmoja tu. Wa tatu kwenye timu nyingi za kijiwe chetu atakuwa mtu wa kuingia dakika ya 80 na kupata pointi moja.

Lakini usikimbilie mastraika kichwa kichwa. Bao la mshambuliaji ni pointi 4, la kiungo 5, la beki 6. Halafu FPL inawaandika mawinga wengi kama viungo, kwa hiyo Salah, Saka na Palmer wanafunga kama mastraika na kulipwa kama viungo, na timu isipofungwa wanaokota pointi moja juu yake. Salah msimu uliopita: mabao 29, pasi za mabao 18, pointi 344. Hakuna aliyewahi kufika huko.

Kwa hiyo mpango wangu ni winga mmoja mkubwa kwanza, kisha mastraika wawili kabla ya raundi ya tano. Kipa nitamkumbuka mwishoni, wengine wakianza kusinzia.

Jumapili, 3 Agosti

Sijagusa kitu. Jana Taifa Stars imefungua CHAN kwa Mkapa, 2-0 dhidi ya Burkina Faso, na sauti sina.

Alhamisi, 7 Agosti

Mambo mawili leo, na la pili ndilo lenye hela.

La kwanza ni AFCON ya Morocco, kuanzia 21 Desemba hadi 18 Januari. Hicho ndicho kipindi ambacho Waingereza hawapumziki, mechi juu ya mechi. Salah anakwenda na Misri, Mbeumo na Kamerun, Ismaïla Sarr na Senegal. Iwobi anakwenda na Nigeria, tena mechi yao ya kwanza ni dhidi yetu, kwa hiyo ukiwa naye hujui hata umshangilie vipi. Ila Ghana haikufuzu. Semenyo wa Bournemouth atabaki Uingereza Krismasi yote, na Kudus vilevile, aliyehamia Tottenham. Kijiweni watu wameshazoea kwamba Mwafrika wa Magharibi Januari hayupo, na ninaomba waendelee na mazoea yao. Semenyo nimempandisha hadi raundi ya tatu.

La pili ni washkaji wenyewe. Orodha yoyote unaweza kuitoa kwenye intaneti, lakini hakuna orodha inayomjua Mangi. Mangi ni Arsenal wa damu, na tangu Gyökeres asaini amebadilisha picha ya wasifu. Atamchukua raundi ya kwanza hata akiwa wa pili kuchagua. Mtani wangu, Yanga na Manchester United kwa pamoja (Mungu ampe afya), hawezi kumwacha Mbeumo. Shemeji ni Chelsea, Palmer ni wake akimkuta. Dokta wa duka la dawa ana roho ya kipa: tangu nimjue anaamini timu hujengwa kuanzia golini, na atachukua Alisson mapema. Baharia ni mtu wa mikeka. Isak hakwenda ziara ya Asia na Newcastle, hajulikani atacheza wapi, na ndiyo maana Baharia atamtaka.

Nimeandika kila mmoja na udhaifu wake kwenye ukurasa mmoja. Ukurasa huu hauondoki nyumbani.

Kuna pia pointi mpya za ulinzi: beki akifikisha vitendo 10 vya kuokoa, kuzuia mashuti, kukaba na kunasa pasi, anapewa 2. Viungo na washambuliaji wanahesabiwa pia mipira waliyookota, ila wao hadi wafikishe 12. Beki wa timu inayoshambuliwa dakika 90, kama Tarkowski wa Everton, sasa ana thamani hata timu ikifungwa. Nitamchukua raundi ya nane hivi, bila kelele.

Jumamosi, 9 Agosti

Awali drafti ilikuwa leo usiku. Ikahamishiwa kesho kwa kauli moja, maana Stars inacheza na Madagascar, na kwenye kijiwe hiki hilo halipigiwi kura.

Nimeipangia mashine majina 40 kwa mfuatano. Umeme ukikatika na bando likagoma, itanichagulia kutoka humo badala ya kujiamulia.

Saa sita usiku: 2-1, Mzize yote mawili.

Jumapili, 10 Agosti

Ngao ya Jamii ya Waingereza, Liverpool na Crystal Palace, imeniharibia. Tuliiangalia pamoja kibanda umiza. Sarr, niliyekuwa nimemficha raundi ya sita, akaisawazishia Palace mbele ya macho ya watu wote ninaoshindana nao. Ikaisha 2-2, Palace wakashinda kwa penalti, na Salah akapaisha yake. Mtani akasema mzee kaisha. Sikumbishia.

Drafti saa mbili na nusu usiku, sebuleni kwa Shemeji, Baharia akiwa kwenye simu kutoka Kigamboni. Nimeangukia namba 6, yaani ya 6, 11, 22, 27. Aliyekuwa wa kwanza alimchukua Salah hata hivyo. Haaland, Palmer, Gyökeres, Mbeumo. Nikabaki na Saka, bila jasho. Ya 11 Watkins. Baharia kabeba Isak raundi ya pili, chumba kizima kikapiga kelele. Semenyo alinisubiri hadi ya 22, Mateta ya 27. Sarr alikwenda raundi ya nne, kwa mtu ambaye jana asingeweza kumtaja jina. Dokta hakuniangusha: Alisson raundi ya tatu.

Tarkowski ninaye. Straika wa tatu ndiye pengo langu, ni mtu wa benchi kabisa. Maombi ya kubadilisha yanafungwa Alhamisi saa mbili na nusu usiku, saa 24 kabla ya dedilaini ya kupanga timu. Baharia kaniandikia sasa hivi anauliza kama nitampa Mateta nichukue Isak. Nimemjibu tuongee Jumatano.