Chipu zilizolala mifukoni: nilivyosawazisha hesabu za nusu mwaka

Mimi ni mhasibu wa kasino moja hapa Mombasa. Nilipofunga hesabu za Juni 30, fedha za kwa keshia zilizidi ushindi wa meza, yaani kile kasino ilichowashinda wachezaji, kwa shilingi 412,000. Bosi akasema, "Andika ni mapato, yaishe." Nikapekua vocha siku mbili, wapi!

Aliyenifumbua macho ni dobi. Alikuja mlangoni na chipu ya 1,000, kile kisahani mteja anachonunua achezee badala ya pesa, aliyoikuta kwenye suruali ya mgeni, akauliza, "Hii ni hela, mwanangu?" Ndiyo mzee, ni hela, tena ni deni letu!

Alfajiri, meza zikishafungwa, tukahesabu chipu zote: mezani, kwa keshia na stoo. Nikatoa jumla hiyo kwenye daftari la chipu zote tulizowahi kununua. Zilipungua za 409,500. Ziko mikononi mwa wateja, na wakizirudisha lazima walipwe, kwa hiyo nikaziandika kama deni. Zile 2,500 zilizobaki ni keshia kukosea kuandika.

Bosi hakuishia hapo. Msimu wa mvua za masika ulikuwa mkavu kwa wageni, akataka tukope kidogo mapato ya Desemba. Nikamwonyesha IAS 34, kanuni ya kimataifa ya hesabu za katikati ya mwaka: sera za nusu mwaka ni zilezile za mwisho wa mwaka, na mapato ya msimu hayaandikwi mapema wala hayaahirishwi. Tukaeleza hali ya msimu kwenye maelezo ya hesabu, basi. Alinuna hadi Ijumaa.

Dobi alilipwa 1,000 yake.